Je, Wajua Kwa Nini Mtoto wa Makete Anahitaji Kitabu Chenye Baridi?

Mwandishi wa vitabu vya watoto anapoalikwa kuzungumza na walimu tarajali katika chuo cha ualimu cha Iringa au Mbeya, swali analotupiwa mapema huwa la haki kabisa: kuna haja gani ya kuhangaikia utofauti wa wahusika vitabuni, ilhali watoto wetu wote ni Waafrika na vitabu vyenyewe havitoshi darasani? Wengine huongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mjadala huu ilianzia Marekani. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wa vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa huko kwa miaka mitatu, akakuta kwamba 349 tu ndivyo vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja. Mwaka 1990 mwanazuoni Rudine Sims Bishop akaeleza kwamba kitabu kizuri humwezesha mtoto kujiona mwenyewe kama kwenye kioo, na kingine humwonyesha maisha ya wenzake kama dirishani. Hata hivyo, swali la rangi siyo linalotubana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Linalotubana zaidi ni ufahamu, yaani kuelewa kile kinachosomwa.

Chukua hadithi ya pwani inayosema kwamba nahodha alisubiri maji yajae ndipo jahazi liondoke. Mtoto wa darasa la tatu huko Makete, wilaya ya milimani mkoani Njombe, mbali na bahari, anaweza kuisoma sentensi hiyo kwa sauti bila kukwama popote, kisha akaulizwa nahodha alikuwa anasubiri nini, akajibu kwamba alisubiri mvua inyeshe mtoni. Kusoma anajua, na Kiswahili anakijua. Asichokijua ni kwamba bahari hujaa na kupwa kila siku, mvua iwepo isiwepo. Mwalimu asiyelitambua hilo atamwandikia kwamba ufahamu wake ni hafifu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani habari kuhusu mchezo wa besiboli. Wanafunzi dhaifu katika kusoma, lakini wanaoufahamu mchezo huo, waliieleza habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioufahamu. Kwa hiyo mtoto ambaye kila kitabu chake kina minazi, jua kali na watoto wenye mashati mepesi, wakati kwao baridi ya Juni na Julai hugandisha umande na kuunguza viazi shambani, hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: anajifunza kusoma, na papo hapo anakisia ulimwengu asioujua. Mpe hadithi ya mtoto aliyesahau sweta siku ya mtihani, na mzigo mmoja utakuwa umetuliwa.

Mazingira, hata hivyo, ni sehemu moja tu. Zoezi ninalolipenda zaidi kwa walimu tarajali ni kupitia kitabu cha ziada kwa kutazama picha peke yake, bila kusoma neno, na kuandika nani anatenda na nani anatazama. Mara nyingi darasa hukaa kimya kidogo, kisha mmoja husema kwamba msichana amebeba ndoo katika kila ukurasa anaoonekana, na mwingine kwamba mtoto mwenye ulemavu hajitokezi mpaka mada iwe ulemavu, na hapo hujitokeza ili ahurumiwe. Huruma hiyo, kwa maoni yangu, ni namna ya kumweka pembeni. Mtoto anayetembea kwa magongo naye awe golikipa, afungwe mabao matatu, agombane na mwamuzi, kisha hadithi iendelee na mambo yake bila kumhubiria mtu.

Mwalimu hana mamlaka juu ya vitabu vya kiada, kwa kuwa hivyo hupangwa kitaifa, lakini ana nafasi katika vitabu vya ziada na katika andalio lake la somo. Anaweza kuwafanya wanafunzi wasimulie mavuno ya parachichi kwao Rungwe, akaandika maneno yao kwenye karatasi za manila, wao wakachora, na karatasi zikashonwa kuwa kitabu cha kusomea. Wala hadithi ya jahazi haipaswi kutupwa, kwa sababu mtoto atakayesoma habari za kwao tu atabaki mgeni kwa nchi yake. Inahitaji dakika tano za kuzungumzia bahari kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, sawasawa na vile mtoto wa Kilwa anavyohitaji kuelezwa kwa nini wachumaji wa chai wa Mufindi huchuma majani mawili na chipukizi, wakayaacha yale makubwa yaliyokomaa.