Maji ya Uti wa Mgongo: Kwa Nini Tunataka na Damu Yako

Malalamiko ya aina moja yamezidi kwenye meza ya maabara yetu. Mgonjwa ambaye jicho lake moja limefifia ghafla amechomwa sindano ya mgongo, maji yametolewa, karudi nyumbani. Siku ya pili anapigiwa simu: njoo utolewe damu. Anakuja amekasirika, na ana haki. Kama damu ilihitajika, mbona haikuchukuliwa pale pale? Ilipaswa kuchukuliwa pale pale, hilo tunalikubali. Tusichokubali ni maneno yanayofuata, kwamba damu hiyo ni ya kutafuta kisingizio kwa sababu maji "yamepotea".

Dalili za uvimbe wa neva ya jicho daktari wako amekwisha kukueleza (maumivu jicho linapozunguka, rangi nyekundu kupauka), kwa hiyo sizirudii. Kinachowachanganya watu ni jicho kuumwa halafu mgongo kuchomwa. Neva ya jicho si kamba ya pembeni. Ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi nyuma ya jicho, imevikwa utando ule ule, na inaogeshwa na maji yale yale yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Ikivimba, swali letu ni moja: tatizo limeishia kwenye neva hiyo, au ni mlango wa ugonjwa mkubwa zaidi? Huenda ni maltipo sklerosisi (kinga ya mwili hushambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo), huenda ni neuromielitisi optika (kinga hushambulia hasa neva za jicho na uti wa mgongo), huenda ni ugonjwa wa kingamwili za MOG (protini za kinga zinazoshambulia MOG, protini ya kwenye ganda la neva), huenda ni kaswende au kifua kikuu kilichofika kwenye ubongo. Majina haya hayatibiwi kwa dawa moja. Baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi, interferoni beta ikiwa mojawapo, zinaweza kumzidishia hali mgonjwa wa neuromielitisi optika.

Sasa damu. Kipimo kikuu tunachofanya kwenye maji hayo ni cha bendi za oligoklonali. Protini za kinga hutandazwa kwenye jeli na kutenganishwa kwa umeme, kila kundi likasimama mahali pake kama mstari; mstari huo ndio bendi. Mistari hiyo ikionekana kwenye maji na isionekane kwenye damu, maana yake kinga hiyo imetengenezwa ndani, nyuma ya ukuta unaoutenga ubongo na damu. Mistari ile ile ikionekana kote kuwili, imetoka kwenye damu ikavuja tu, na habari ni nyingine kabisa. Maji bila damu ni nusu ya kipimo, na nusu hiyo haisomeki. Hatuwezi kukisia.

Wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wenye maltipo sklerosisi huwa na bendi hizo kwenye maji peke yake. Katika neuromielitisi optika na ugonjwa wa MOG ni wachache walio nazo, na mara nyingi hupotea baadaye. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 viliruhusu bendi hizo zisimame badala ya kusubiri shambulio la pili, mradi mgonjwa ana dalili halisi, picha ya MRI inaonyesha madoa katika sehemu zaidi ya moja, na magonjwa mengine yameondolewa. Nasisitiza mradi, kwa sababu tunaletewa watu waliokwisha kuambiwa na jirani kwamba "bendi zimeonekana, basi ndiyo yenyewe". Maambukizi nayo huzileta.

Utaratibu wa chupa ni huu, na wauguzi wapya nao wausome. Maji huingia kwenye chupa kadhaa kwa mfuatano na kila chupa huandikwa namba. Ya kuhesabia seli hufika kwetu ndani ya saa moja, kwa kuwa seli huanza kuvunjika zikiwa chupani. Kawaida ni seli zisizozidi 5 kwa kila mikrolita. Katika maltipo sklerosisi huwa zinapanda kidogo, kwa nadra kupita 50. Zikipita hapo, hasa zikiwa zile za aina ya nyutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu), tunaanza kufikiria neuromielitisi optika au maambukizi. Sukari ya kwenye maji hulinganishwa na sukari ya damu ya wakati ule ule, sababu nyingine ya kukutoa damu. Chupa isiyo na jina haisomwi mpaka aliyeichukua aje mwenyewe athibitishe kwa saini. Si ukaidi. Sampuli hii hatuwezi kuiomba tena kirahisi kama mkojo.

Na sasa lile la kupooza, yaani hofu kwamba sindano itaugusa uti wa mgongo na kukupoozesha, ambalo nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali palipo na nyuzi za neva zinazoelea majini na kusogea sindano inapopita. Mwili una maji haya kama mililita 150 na hutengeneza takriban 500 kwa siku. Sisi tunachukua 10 hadi 15. "Kukaushwa mgongo" hakupo.

Kinachotokea kweli ni kichwa kuuma, na hili ndilo linalostahili maswali yenu. Huuma ukisimama, hupoa ukilala. Sindano zenye ncha butu hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, na unaruhusiwa kuuliza ni ipi itakayotumika. Kulala chali saa nzima baada ya kipimo hakujathibitika kuzuia chochote, ingawa bado mtaambiwa mlale. Homa, miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sema mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama macho yote mawili yamevimba kwa nyuma, picha ya kichwa hutangulia sindano, kisha presha ya maji hupimwa ukiwa umelala ubavu. Anayetaka kuruka picha ili amalize haraka hatutamchoma.

Jambo la mwisho ni la wale wanaodai tuwachome mara ya pili kwa sababu kingamwili za akwaporini-4 (zile zinazoashiria neuromielitisi optika) "hazikuonekana". Hizo, pamoja na za MOG, hutafutwa kwanza kwenye damu, si kwenye maji. Kingamwili zinaweza zisionekane ikiwa damu ilichukuliwa baada ya dozi kubwa za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) au baada ya kubadilishiwa plazma (sehemu ya majimaji ya damu), kwa hiyo andika kwenye fomu dawa ulizopewa na tarehe ulizoanza. Daktari akiendelea kushuku, damu hupimwa tena baada ya miezi michache. Mgongo wako unaachwa.