Ukubwa wa uchumi wa magendo hupimwaje?

Ukiambiwa uchumi wa magendo wa nchi fulani ni asilimia kadhaa ya Pato la Taifa, uliza kwanza kilichohesabiwa ni nini. Magendo ni kuvusha bidhaa mpakani kwa kukwepa ushuru au katazo. Ulanguzi ni kuficha bidhaa adimu na kuiuza juu ya bei iliyowekwa. Machinga anayeuza soksi Kariakoo bila kutoa risiti hafanyi lolote kati ya hayo: soksi zake ni halali, ila mauzo yake hayamo kwenye daftari lolote. Makadirio mengi huwatia wote kapu moja, na tarakimu inavimba.

Kosa jingine ni kuchukua mauzo yote kuwa ndiyo ukubwa. Tuseme sukari imenunuliwa ng'ambo kwa shilingi milioni 8, ikavushwa kwa njia za panya kwa bodaboda zilizokunywa mafuta ya laki 4, ikauzwa huku kwa milioni 11. Kinachostahili kuingia kwenye Pato la Taifa ni milioni 2.6. Zile milioni 8 ni jasho la nchi nyingine. Na hongo ya kizuizini? Haiongezi kitu, fedha zimehama mfuko tu.

Mfanya magendo hajazi fomu, kwa hiyo wachumi hufuata nyayo zake. Njia ninayoiamini kuliko nyingine ni kulinganisha vitabu vya forodha vya pande mbili: muuzaji kaandika nini, mnunuzi kaandika nini. Kwa mwaka 2016 Falme za Kiarabu ziliandika dhahabu ya Afrika ya dola bilioni 15.1, na sehemu kubwa yake haikuonekana katika vitabu vya mauzo vya nchi ilikotoka.

Lakini usikimbilie kutoa ukaita tofauti yote magendo. Bei ya mnunuzi kwa kawaida ina nauli na bima ndani yake. Mzigo wa Desemba hufika Januari, mwaka mwingine wa hesabu. Shehena ya Uganda inayopitia Mombasa inaweza kuandikwa ya Kenya. Linganisha na kilo pia, maana thamani huchezewa kwa urahisi zaidi kuliko uzito.

Kuna magendo ambayo njia hii haiyaoni kabisa. Baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda ya Idi Amin ilimlipa mkulima kidogo, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Mwaka 1976 na 1977 magunia yakavuka kwenda Chepkube, upande wa Bungoma, na kahawa nyingi ikasafirishwa kama ya Kenya. Hapo vitabu vya Kenya na vya wanunuzi wa ng'ambo vinaweza kukubaliana bila tatizo. Ujanja unaonekana ukilinganisha mauzo na mashamba: kahawa imezidi mibuni.

Wengine hupima noti, kwa kuwa biashara ya kificho hulipwa zaidi kwa taslimu. Mchumi Peter Gutmann, mwaka 1977, alilinganisha fedha taslimu na akaunti za hundi za Marekani, akachukua 1937 hadi 1941 kama miaka isiyo na uchumi wa kificho, akapata dola bilioni 176 kwa mwaka 1976. Kwetu kipimo hicho kinayumba: M-Pesa imepunguza haja ya noti, na magendo yapo palepale.

Pengo kati ya bei ya dola benki na mtaani, kama lile la Tanzania ya miaka ya 1980, linaonyesha joto tu, yaani jinsi dola zinavyosakwa, si ukubwa wa magendo. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine uliingia madukani na maghalani. Bidhaa zikazidi kujificha. Zilirudi kwenye rafu baada ya 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza kwa dola zao bila kuulizwa walizitoa wapi. Maduka ya kubadilisha fedha yakafuata 1992. Kwa hiyo anayesoma ukuaji wa miaka ile akumbuke kwamba sehemu yake huenda ilikuwa biashara ileile ya zamani, sasa ina risiti.