Swichi Imeungua Tena: Yasemwayo Gereji na Yanayoonyeshwa na Mita

Ndani ya mwaka mmoja nilinunua swichi mbili za taa za Land Rover yangu, Series III ya mwaka 1974. Ya kwanza ilidumu miezi minne. Ya pili iliniaga usiku, narudi kutoka Mbezi kwa Barabara ya Bagamoyo: nilinusa plastiki kabla taa hazijaanza kupepesa, na nilipoigusa nikarudisha kidole haraka kama niliyeshika sufuria. Kesho yake, kwenye gereji za Gerezani, Dar, fundi wala hakufungua boneti. "Bosi wangu, hizi za siku hizi feki tupu. Tafuta orijino."

Feki zipo, sikatai. Ila swichi mbili kuungua mahali pamoja, kwa namna moja, kulinitia shaka. Nikaazima mita ya kupimia umeme.

"Swichi ikiungua, basi swichi ndiyo mbovu"

Hii ndiyo dhana iliyonila hela nyingi kuliko zote. Kwenye gari kama langu hakuna rilei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) kati ya swichi na taa kubwa. Umeme wote wa taa unatoka kwenye betri, unapita ndani ya swichi, unaingia kwenye kijiti cha usukani kinachobadilisha fulu na dimu, ndipo uende mbele. Balbu mbili za H4, zile zenye fulu na dimu ndani ya balbu moja, wati 55 kila moja upande wa dimu, zinavuta ampea 9 na ushee. Ukiweka zile za wati 100 ili upate mwanga wa basi la mkoani, fulu inavuta karibu ampea 17, na teminali zinazobeba mzigo huo zilitengenezwa enzi za balbu ndogo.

Nilipima hivi. Taa zikiwa zimewaka dimu, mkono mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye teminali ya balbu. Kisha upande wa pili: hasi ya betri na waya wa ethi wa balbu, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi. Kwenye njia iliyo nzima, kila upande unapaswa kupoteza chini ya nusu volti. Mimi nilikuwa napoteza 1.7 kwa jumla: 0.4 ndani ya swichi, 0.3 kwenye kijiti, 0.3 kwenye kiungio cha ndani ya fenda, na 0.7 zote upande wa ethi. Hizo 0.4 za swichi zidishe kwa ampea 9 unapata zaidi ya wati 3 na nusu za joto, zimefungiwa ndani ya kidude cha plastiki kisichozidi kiberiti. Hata ingekuwa orijino ya dhahabu ingeiva.

Mwanga nao unaumia kuliko watu wanavyodhani. Balbu ya waya ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana wengi hukimbilia balbu kubwa, balbu kubwa inapandisha ampea, ampea zinaongeza hasara kwenye viungio vilevile, na swichi inaungua mapema zaidi.

Dawa yake ni rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya mnene kutoka betri, kupitia fyuzi, unaingia namba 30; namba 87 inakwenda kwenye taa; waya wa zamani wa kijiti unaingia 86; na 85 inakwenda ethi. Namba hizo ni za mfumo wa Kijerumani, DIN 72552, na zimeandikwa kwenye makalio ya rilei karibu zote utakazokuta Kariakoo. Baada ya hapo swichi inaamrisha koili ya rilei tu, kitu kisichofika hata robo ya ampea. Na kuna faida ya pembeni: magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile taa kubwa hazikupita kwenye fyuzi yoyote, kwa hiyo sasa unazipa.

"Weka swichi ya nyumbani, ile ni ya volti 250, hii ni 12 tu"

Nimeisikia kwa watu wazima wenye gereji. Kinachopasha moto teminali ni ampea, siyo volti. Balbu ya wati 60 nyumbani, kwenye volti 230, inavuta kama robo ya ampea. Wati hizohizo 60 kwenye gari ni ampea 5, yaani karibu mara ishirini. Tena umeme wa nyumbani unafika sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguka inajizimia yenyewe. Wa betri haupumziki. Ukinunua swichi soma ilivyoandikwa upande wa DC, yaani umeme wa betri. Kama haina maandishi ya DC, iache mezani kwa muuzaji.

Hali kadhalika waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Ukutani unatulia. Ndani ya Land Rover kwenye barabara ya vumbi unakatika shingoni pa teminali, na ganda la nje linabaki zima likikudanganya.

"Nyekundu chanya, nyeusi hasi"

Ungekuwa ukweli maisha yangekuwa mepesi. Kwenye magari ya Kiingereza ya zama zile, kahawia ndiyo moto wa betri moja kwa moja, hauzimwi na ufunguo. Nyeupe inapata moto ufunguo ukigeuzwa, kijani ni huohuo baada ya kupita kwenye fyuzi, zambarau ina fyuzi na moto wa kudumu, nyeusi ni ethi. Nyekundu ni ya taa ndogo na za nyuma. Sasa hamia kwenye Volkswagen: huko kahawia ndiyo ethi! Fundi aliyezoea Kobe akikata kahawia ya Land Rover na kuifunga kwenye bodi, moshi utamfundisha. Toyota nyingi nazo zinatumia nyeupe yenye mstari mweusi kama ethi. Na hayo ni kama gari halijawahi kupita kwa fundi aliyeishiwa rangi. Langu lilikuwa na kipande cha waya wa spika katikati ya njia ya honi. Pima kwanza, rangi iwe shahidi wa pili.

Kabla ya kukata chochote, fungua waya wa betri ulio upande wa bodi, na uwe wa mwisho kurudi. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa bodi imepiga shoti.

"Bodi nzima ni ethi, funga popote"

Hapa ndipo Dar inapoonyesha makali. Mabati ya nje ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, chesi ni chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu wa chumvi, zinaanza kulana, na katikati unabaki unga mweupe ambao haupitishi umeme inavyotakiwa. Gari linalolala Kunduchi au Kigamboni halihitaji kuingia baharini, upepo unatosha. Zile volti 0.7 zangu zilikuwa hapo, kwenye boliti moja ya fenda iliyokuwa inang'aa kwa rangi mpya. Dalili zake utazijua: unawasha indiketa, taa ndogo ya upande huo inapepesa nayo.

Nilivuta waya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye chesi, nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, nikakaza, kisha nikapaka mafuta ya mgando juu. Wapo wanaosema mafuta yanazuia umeme. Teminali iliyokaza inayasukuma pembeni na chuma kinagusa chuma. Kazi yanayobaki nayo ni kuzuia maji na chumvi.

"Kulehemu ndiyo imara"

Risasi ya kulehemu inapanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kijiti kigumu, na mpaka wa ugumu na ulaini ndipo waya unapokatikia gari likitikisika. Teminali iliyobanwa kwa koleo yake inatosha. Koleo yake, siyo plaizi, wala meno. Na angalia saizi: vile viungio vya duara vya Kiingereza vina kipenyo cha milimita 4.7, vya Kijapani karibu 4. Vya Kijapani vinaingia kwenye soketi ya Kiingereza vizuri kabisa, na hapo ndipo penye mtego, maana vinaingia bila kukaza. Cha ndani ya fenda yangu kilikuwa hivyo. Juu yake kulikuwa na tepu iliyoyeyuka kwa joto ikawa kama asali.

Fyuzi niiseme kwa kifupi. Za kioo za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wa kudumu ni 17. Za leo namba inayoandikwa ni ile ya mzigo wa kudumu. Ukitoa ya zamani ya 35 ukaweka mpya ya 35, umeuacha waya bila mlinzi.

Ile swichi ya mwaka 1974 sikuwa nimeitupa. Niliikunjua masikio yake ya bati, nikakuta kutu ya kijani na alama nyeusi kwenye kituo kimoja, nikasugua kwa msasa laini, nikaifunga. Ndiyo iliyoko kwenye dashibodi sasa. Rilei ziko ndani ya fenda, swichi ni ya baridi, na ile mpya ya pili, iliyoyeyuka upande mmoja, nimempelekea fundi wa Gerezani. Ameiweka juu ya betri mbovu, anawaonyesha wateja kuwa hizi za siku hizi ni feki.