Kumuuliza hakumpi wazo

Wengi Dar es Salaam huamini kwamba ukimuuliza mtu kama anawaza kujiua, umempandikizia wazo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema kuuliza hakuchochei. Mara nyingi humpunguzia mtu hofu.

Basi kwa nini tunanyamaza? Aibu, dini, na wapangaji wenzetu wanaosikia kila neno ukutani. Tena Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mzazi anaogopa polisi kabla ya ugonjwa. Kijana akisema "nimechoka na maisha", anajibiwa "acha utoto, kasali". Sala haina ubaya, ila muulize waziwazi: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Msikilize, usimwache peke yake, kisha mpeleke hospitali. Muhimbili wanatibu magonjwa ya akili.