Jaribio la Kumbukumbu si Mtihani: Unachopaswa Kujua Kabla ya Kuketi Mbele ya Mtafiti

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha maadili ya utafiti kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa watu waliojitolea kushiriki majaribio ya saikolojia ya utambuzi. Wengi wanadai walipimwa akili bila kuambiwa. Wengine wanasema walitarajia kuulizwa habari za maisha yao, badala yake wakaachwa wakibonyeza kitufe kila nukta ya kijani ilipotokea kwenye skrini, hadi macho yakachoka. Wapo pia wanaosema walidanganywa. Malalamiko ya kundi hili la mwisho tunayapa uzito wa pekee, nami nitayarudia. Hayo mengine yanatokana na kutojua fani hii inachunguza nini, kwa hiyo nianzie hapo.

Saikolojia ya utambuzi inachunguza jinsi mtu anavyopokea habari kupitia milango ya fahamu, anavyochagua cha kuzingatia na cha kupuuza, anavyohifadhi, anavyokumbuka, anavyoelewa lugha na anavyofikia uamuzi. Mtafiti wa fani hii hatibu mtu. Hasomi mawazo. Hatafuti nani ana akili kumzidi nani. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mshiriki huelezwa mara mbili, akasaini fomu, akafanya jaribio, kisha swali lake la kwanza akinyanyuka kitini likawa, “Nimepata ngapi?” Hakuna alama. Hakuna aliyefaulu wala aliyefeli.

Kilichopo ni vitu viwili ambavyo mtafiti anaweza kuvishika: muda uliochukua kujibu na makosa uliyofanya. Akili inavyofanya kazi haionekani kwa macho, na mwenye akili hiyo naye haioni. Jibu sahihi laweza kufikiwa kwa njia nyingi, kwa hiyo halitufundishi mengi. Kosa huonyesha njia iliyopitwa. Watu wengi wakikosea mahali pamoja kwa namna moja, hapo ndipo tunapojua kuna utaratibu fulani ndani. Kwa maneno mengine, mshiriki anayeomba radhi kwa kukosea anaomba radhi kwa kutupa kile tulichokuwa tukikitafuta.

Wazo la kutumia muda kama kipimo ni la zamani. Mwaka 1868 Mholanzi Franciscus Donders alipima muda ambao mtu hutumia kuitikia ishara moja tu, kisha akapima muda anaotumia akilazimika kwanza kuchagua jibu lipi lilingane na ishara ipi. Alipotoa muda wa kwanza kwenye wa pili, alichobaki nacho kilikuwa muda wa kuchagua. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, na mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus akachapisha matokeo ya majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, akapima ni juhudi kiasi gani ilihitajika kuzikariri upya baada ya muda kupita. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema sana, ndani ya saa chache za mwanzo, kisha kasi ikapungua.

Baada ya hapo mambo yaligeuka, hasa nchini Marekani. Mwaka 1913 John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi iachane na habari za ndani ya akili, ishughulikie tabia inayoonekana. Wanatabia, akiwemo B. F. Skinner baadaye, walitawala vyuo vya huko kwa miongo kadhaa. Siku hizi ni rahisi kuwasema vibaya, lakini walikuwa na hoja. Katika maabara za enzi ya Wundt mshiriki aliulizwa aeleze anachokihisi ndani yake, na maabara mbili zilipotofautiana hapakuwa na njia ya kuamua nani yuko sahihi. Mtu hawezi kuwa shahidi wa kutegemewa wa akili yake mwenyewe. Saikolojia ya utambuzi iliwarithi wanatabia katika jambo hilo, na ndiyo maana hadi leo hatukuulizi unajisikiaje bali tunakupa kitufe ubonyeze.

Nyufa katika msimamo wa wanatabia zilianza kuonekana hata kwa panya. Mwaka 1948 Edward Tolman alieleza kwamba panya waliozoea kuzunguka kwenye njia zenye kona nyingi walionyesha kuwa na ramani ya mahali hapo kichwani, siyo mazoea ya kukata kulia au kushoto tu. Nchini Uingereza, Vita vya Pili vya Dunia vilileta tatizo la waangalizi wa rada waliokuwa wakipitwa na alama za nyambizi kwenye skrini. Norman Mackworth alitengeneza kifaa chenye mshale uliopiga hatua kama wa saa, ambao mara chache uliruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya mshiriki ilikuwa kuuangalia kwa saa mbili na kuashiria kila uliporuka. Uwezo wa kuona miruko hiyo ulishuka waziwazi baada ya nusu saa ya kwanza. Wanaolalamikia nukta ya kijani wafahamu kwamba kuchosha kwa kazi ile si uzembe wa mtafiti. Kuchoka kwa umakini ndiko kunakopimwa, na nukta ingekuwa ya kuvutia, jaribio lingekufa.

Kisha ikaja kompyuta, pamoja na kazi ya Claude Shannon ya 1948 iliyoonyesha kwamba habari inaweza kupimwa kwa hesabu. Kwa mara ya kwanza watafiti walikuwa na lugha ya kuzungumzia mambo ya ndani bila kurudi kwenye hisia za mshiriki: habari inaingia, inachujwa, inabadilishwa umbo, inahifadhiwa, inatolewa, na kila hatua ina kikomo chake. Tarehe 11 Septemba 1956, katika mkutano uliofanyika kwenye taasisi ya teknolojia ya MIT nchini Marekani, Allen Newell na Herbert Simon walieleza programu ya kompyuta iliyothibitisha kanuni za mantiki, Noam Chomsky akazungumzia sarufi, na George Miller akazungumzia kikomo cha kumbukumbu ya muda mfupi. Miller mwenyewe baadaye aliitaja siku hiyo kuwa ndiyo fani ilipozaliwa. Mwaka 1959 Chomsky alikikosoa vikali kitabu cha Skinner kuhusu lugha, na mwaka 1967 Ulric Neisser akaandika kitabu kilichoipa fani jina hili la saikolojia ya utambuzi.

Miller alikisia kikomo hicho kuwa vitu saba, kuongeza au kupunguza viwili. Nelson Cowan alipopitia ushahidi upya mwaka 2001, aliona kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo na kupanga vitu katika mafungu, kikomo hushuka hadi karibu vinne. Ili uone kinavyofanya kazi, tazama jaribio la Lloyd na Margaret Peterson la mwaka 1959. Mshiriki anasomewa konsonanti tatu, tuseme K, T, R. Papo hapo anapewa namba, tuseme 506, ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu: 503, 500, 497, 494. Taa ikiwaka anaacha kuhesabu na kutaja zile konsonanti. Zikipita sekunde 3 wengi bado wanazo. Zikipita 18, karibu wote wamezipoteza. Konsonanti tatu, kwa watu wazima wenye afya, ndani ya sekunde 18! Mara nyingi mtu aliyefanya jaribio la namna hii ndiye hutuandikia akiwa na hofu kwamba anaugua ugonjwa wa kusahau. Hapana. Mwenye wasiwasi wa kweli kuhusu kumbukumbu yake amwone daktari, maana jaribio la utafiti haliwezi kumwambia yuko mzima wala anaumwa.

Jambo la pili ambalo watu wengi wanalikataa ni kwamba kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa. Frederic Bartlett alilionyesha huko Cambridge mwaka 1932: watu waliposimulia tena hadithi ngeni kwao, waliifupisha na kuinyoosha ifanane na mambo waliyoyazoea, bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi cha “yalipopondana” walitaja wastani wa takriban kilomita 65 kwa saa. Walioulizwa kwa “yalipogusana” walitaja kama 51. Ajali zilikuwa zilezile. Katika jaribio la pili, washiriki waliulizwa baada ya wiki moja kama waliona kioo kilichovunjika. Kioo hakikuwepo, lakini katika kundi la “yalipopondana” 16 kati ya 50 walisema walikiona, dhidi ya 7 kati ya 50 katika kundi la “yalipogongana”. Watu hawa hawakuwa waongo. Nawaomba wasomaji wanaotuandikia wakiapa kwamba “mimi nikiona kitu nimekiona” wazitafakari takwimu hizo kwa utulivu. Na ile kauli kwamba mtu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake haina msingi wowote. Haikutoka katika fani hii na ningependa iachwe kabisa.

Sasa madai ya kudanganywa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu video ya vijana wakirushiana mpira, wakawataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila alipita mbele ya kamera. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mshiriki angeambiwa mapema kuhusu gorila, jaribio lisingekuwepo. Kwa hiyo ndiyo, yapo majaribio ambamo jambo fulani hufichwa, na kuficha huko kuna masharti.

Misingi yenyewe ya kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti imetokana na Kanuni za Nuremberg za 1947, Azimio la Helsinki la 1964 na Ripoti ya Belmont ya 1979. Katika utaratibu wetu, mtafiti anayekusudia kuficha jambo hujaza sehemu ya ziada ya fomu ya maombi, akieleza kinachofichwa, kwa nini hakuna njia nyingine, na kitafichuliwa lini. Haruhusiwi kuficha jambo lolote linaloweza kumuumiza mshiriki au ambalo lingemfanya akatae kushiriki. Karatasi ya maelezo hutolewa kabla ya fomu ya ridhaa, si pamoja nayo. Fomu husainiwa nakala mbili. Moja unaondoka nayo, na usipopewa, idai. Jina lako hubadilishwa kuwa namba, na orodha inayounganisha majina na namba hutunzwa mahali tofauti na data. Unaweza kuacha katikati bila kutoa sababu na bila kunyimwa posho uliyoahidiwa. Unaweza pia kuomba data yako ifutwe, ilimradi orodha ya majina haijaharibiwa. Ikishaharibiwa hatuna tena njia ya kujua ipi ni yako. Jaribio likiisha, kabla hujatoka chumbani, mtafiti lazima akueleze lilihusu nini hasa na kipi kilifichwa.

Asiyefanya hivyo huandikiwa onyo na kutakiwa kuwatafuta washiriki wote na kuwapa maelezo. Akirudia, kibali chake cha utafiti husimamishwa na data iliyokusanywa bila utaratibu haitumiki katika chapisho lolote. Aliyeficha jambo bila idhini ya kamati ya maadili hutenguliwa kibali, mwajiri wake hujulishwa, na kama makala imeshachapishwa jarida huandikiwa. Hatua hizi zinamhusu pia mwanafunzi anayefanya utafiti, na msimamizi wake huwajibika pamoja naye.

Malalamiko hupokelewa kwa maandishi au kwa mdomo. Taja namba ya kibali iliyo juu ya fomu ya ridhaa, tarehe, na kilichotokea. Kama fomu hukupewa, lalamika hivyohivyo. Kukosekana kwake ni kosa linalojitegemea. Mtafiti anayelalamikiwa hatajiwi jina la mlalamikaji hadi mlalamikaji aridhie kwa maandishi.