Sehemu ya 61 ilipogoma kuandikika

Saa mbili usiku ndiyo ilikuwa saa yangu. Kwa miaka sita, ikifika saa hiyo, sehemu mpya ya simulizi lazima iwe imeshaingia kwenye makundi yangu ya WhatsApp. Sehemu 20 za mwanzo nilikuwa natoa bure Facebook. Msomaji akinogewa analipia shilingi 2,000 kwa simu, namuunga kwenye kundi, anasoma mpaka mwisho. Nikichelewa dakika tano tu, ujumbe unaanza kumiminika. "Dada, leo vipi?" "Mwandishi wetu, tunangoja." "Jamani, usimwache Zuhura pale mlangoni usiku kucha."

Zuhura alikuwa mhusika wangu. Alikaa pale mlangoni miezi mitano.

Kabla sijaeleza nilivyopumzika, nieleze siku niliyojua kwamba nimekauka. Jirani yetu alifiwa na mwanawe, kijana wa miaka 19. Tumekaa mkekani, mama mtu akatolewa ndani ameshikwa huku na huku, kajifunika khanga, akalia kwa sauti iliyokatika katikati kama uzi. Mimi nimeinama, na kichwani natunga. Sauti ilikatika kama uzi, au kama kamba ya ndoo? Nikachagua uzi. Uchungu sikuuhisi. Nilihisi nimepata aya ya kesho saa mbili.

Kila mwandishi huokota, na sioni kosa katika hilo. Kilichonitisha ni kwamba siku ile ndani yangu hamkuwa na kitu kingine zaidi ya kuokota. Nilirudi nyumbani, nikaandika "Sehemu ya 61" kwenye simu, nikaitazama mpaka saa saba usiku. Hakuna neno lililofuata.

Siku hizi nahariri kazi za waandishi wenzangu wa simulizi, na karibu kila mwezi ananijia mmoja na kuniambia, "Dada, nimeishiwa." Huwa namuuliza kwanza kama ameishiwa hadithi au amechoka kuandika, maana ni vitu viwili. Mimi hadithi nilikuwa nazo daftari zima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza uchovu huu kwa dalili tatu: nguvu kuisha, akili kujitenga na kazi, ukaanza kuichukia au kuidharau, na kuhisi kwamba unachofanya hakifai kitu. Lilisema pia kwamba huu si ugonjwa, ni hali inayotokana na mkazo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa.

Dalili ya kwanza kila mtu huijua, na wengi huishia hapo: amechoka, atalala, ataamka. Kwa mwandishi ile ya pili ndiyo huja kimyakimya. Wahusika wanakuwa mzigo. Msomaji anayekuuliza "leo vipi?" kwa mapenzi kabisa unamwona mdai. Msiba wa jirani unakuwa malighafi. Usingizi hautibu hilo, nilishajaribu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Kama ladha imeondoka kila mahali, chakula hakipiti, watoto hawakufurahishi, usingizi umekimbia au unalala mchana kutwa, au unawaza kufa, usijipe likizo ya kuandika ukadhani inatosha. Hiyo yaweza kuwa sonona, ugonjwa unaohitaji tiba. Nenda hospitali, na mwambie mtu mmoja wa karibu leo hii.

Mimi bado nilikuwa nacheka na wanangu. Kwa hiyo nikasimamisha. Nilituma ujumbe mmoja usio na mapambo: nimechoka, simulizi inasimama, sijui tarehe ya kurudi, anayetaka pesa yake aniambie nirudishe. Waliodai ni 31 kati ya wasomaji 214, nikawarudishia wote ndani ya wiki moja. Usiache deni nyuma, maana litakufuata mapumzikoni. Bibi mmoja anayeishi Maskati alinitumia sauti: "Mwanangu, hebu na wewe soma vya wenzio. Sisi tutangoja."

Hofu ya kusahaulika naijua, hunijia hadi leo. Hunisaidia kukumbuka kwamba kati ya riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1979 na iliyofuata mwaka 1990 ilipita miaka 11, ambayo ndani yake alisoma shahada ya uzamivu Marekani na kutoa diwani ya mashairi. Sisemi alikuwa amechoka. Nasema wasomaji wake walikuwepo aliporudi.

Wiki tatu za mwanzo nilizipoteza. Niliacha kuandika lakini simu sikuiacha. Nilikuwa nasoma simulizi za wengine nikihesabu walivyosifiwa, na usiku nikiwaza Zuhura atokeje pale mlangoni. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyechunguza jinsi watu wanavyorejesha nguvu baada ya kazi, anaweka mbele kujitenga na kazi kiakili. Mwili ukiwa nyumbani huku akili iko kazini, bado hujapumzika. Yeye na mwenzake Charlotte Fritz waliongeza mengine matatu: kutulia, kujifunza jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako.

Hilo la kujifunza sikulitarajia kabisa. Nilikwenda Muheza kwa shangazi yangu, msimu wa pilipili manga. Mmea wake hutambaa juu ya miti mikubwa, unapanda ngazi na kapu begani, unatafuta vishada. "Usikimbilie cha kijani kitupu," shangazi aliniambia. "Tazama kama punje moja mbili zimeanza kuwa nyekundu. Hapo kishada chote kimekomaa." Siku ya kwanza nilichuma vibichi nusu kapu, akavimwaga mbele yangu bila kusema neno. Tunapukusa punje, tunazianika, tunazigeuza kwa kiganja mpaka zinakuwa nyeusi na kujikunja. Mikono inanuka pilipili hata ukiinawa kwa sabuni mara tatu. Ilikuwa kazi, na jioni nilikuwa hoi, lakini haikunitaka maneno.

Kuna atakayesema, mimi sina akiba wala shangazi wa Muheza. Ni kweli. Akiba yangu ilikuwa ya miezi miwili. Iliyobaki niliishi kwa kusahihisha ripoti za watu. Kama huwezi kusimama kabisa, punguza. Acha kutunga, shika kazi ya maneno isiyokudai roho, na uweke saa ambayo simu huzimwa.

Dalili kwamba nimeanza kupona haikuwa hamu ya kuandika. Ndani ya basi la Muheza kwenda Tanga, mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alimwambia mwenzake, "Hajaniacha. Amenisahau tu." Nilimhurumia njia nzima. Tulipofika stendi ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mwandishi.

Nilianza na daftari na kalamu, nusu ukurasa kwa siku, maandishi ambayo hakuna mtu angeyasoma. Wengi huanza kwa kutangaza "nimerudi!" na siku ya tatu wamekauka tena. Mapumziko yanarudisha nguvu, lakini kama kilichokukausha kimekaa palepale kinakungoja, utakirudia. Christina Maslach na Michael Leiter, wanasaikolojia waliochunguza uchovu wa kazini, wanataja maeneo sita ya kukagua: wingi wa kazi, mamlaka, malipo, jamii inayokuzunguka, haki, na mambo unayoyathamini. Sikuwa na shida na wasomaji wangu, na malipo yalitosha kula. Palipoharibika ni kwenye mamlaka. Saa mbili usiku ndiyo iliyokuwa inaandika, siyo mimi.

Sasa simulizi naimaliza yote ndipo natoa sehemu ya kwanza, na natuma Jumatatu na Alhamisi tu. Mapato yamepungua kwa karibu theluthi, na nimeona bora nipungukiwe hapo. Ile ya Zuhura niliikamilisha kwanza daftarini mpaka neno la mwisho, na sehemu ya 61 ikatoka Alhamisi moja mwezi wa nane. Sauti iliyokatika kama uzi haimo.

Kabla ya kuituma nilikwenda kwa yule jirani na robo kilo ya pilipili manga. Tulikaa barazani mpaka adhuhuri, akanionyesha picha za mwanawe kwenye simu, moja baada ya nyingine, akinitajia kila moja ilipigwa wapi.