Bundi wa Pemba alivyopata nafasi yake kwenye orodha ya ndege

Pemba ina spishi nne za ndege zisizopatikana kwingine kokote duniani: ninga wa kijani, chozi, ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo anayeishi msituni Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu. Huyu wa mwisho ndiye aliyewasumbua wataalamu zaidi.

Jina lake la kisayansi ni *Otus pembaensis*. Lilitolewa mwaka 1937 na R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Zanzibar. Neno la kwanza ni jenasi, yaani ukoo wa karibu, na huanza kwa herufi kubwa. La pili humtambulisha yeye mwenyewe, na huandikwa kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la kisiwa. Utaratibu huu kwa wanyama unahesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ya mwaka 1758.

Kupewa jina, hata hivyo, hakumalizi ubishi. Kwa miaka mingi vitabu kadhaa vilimhesabu kuwa nususpishi tu, yaani tawi ndani ya spishi, ya bundi wa Madagaska, *Otus rutilus*. Ukiwatazama utaelewa sababu: wote wadogo, wote wana rangi ya magome ya miti. Tena bundi wa Pemba wenyewe wana sura mbili, wengine kahawia, wengine wekundu kama kutu. Manyoya ni shahidi dhaifu hapa.

Sauti ndiyo inayowatenganisha. Bundi wa Madagaska hutoa milio kadhaa mfululizo. Wa Pemba hutoa mmoja tu, hu, akanyamaza, kisha akarudia. Ndege wengi waimbaji hujifunza nyimbo kwa wakubwa wao, lakini bundi huzaliwa na mlio wake. Kwa hiyo tofauti ya mlio huwa na uzito mkubwa kwetu katika kupanga spishi. (Wanaouogopa mlio huo wakidhani unabashiri msiba wajue kwamba mwenyewe ni mwindaji wa wadudu tu.)

Mpangilio huu una matokeo nje ya vitabu. Nususpishi hufichwa ndani ya hesabu ya spishi nzima, na watu wakiona bundi wa Madagaska wapo tele, wa Pemba hasemewi na mtu. Akihesabiwa peke yake, udogo wa makazi yake unaonekana mara moja, na leo yumo kwenye orodha ya spishi zinazotishiwa kutoweka.

Majina pia hubeba historia ya watu. Yule mwenye duara jeupe anaitwa *Zosterops vaughani*, kwa heshima ya ofisa mwingine wa enzi za ukoloni. Mwaka 2022, bundi mpya wa kisiwa cha Príncipe, upande wa pili wa Afrika, aliitwa *Otus bikegila*. Bikegila ni jina la utani la mlinzi wa hifadhi ya hapohapo kisiwani, aliyesaidia kumpata. Kwa maoni yangu, majina ya namna hiyo yamechelewa.